Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Mwongozo wa Kuvaa kwa Anayeshika Mifupa ya Kale ya Kilwa

Tarehe ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inasema kisiwa kilinunuliwa kwa nguo. Ali bin Hassan wa Shirazi alipofika na kutaka kukaa, mwenye kisiwa alimwambia alete nguo za rangi za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Akazileta, zikatandazwa, na mauzo yakawa yamekwisha.

Kwa miaka mingi wasomi walibishana kama Washirazi hao walikuwako kweli au ni hadithi ya watu wa mjini kujikuza. Machi 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale wa pwani ya Waswahili na bara yake. Baadhi yao walizikwa Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Utafiti ukaonyesha kwamba Waafrika na watu wa Asia, hasa Waajemi, walianza kuoana kiasi cha mwaka 1000. Damu ya Uajemi iliingia zaidi kwa upande wa wanaume, na ya Afrika zaidi kwa upande wa wanawake.

Majibu ya namna hiyo hutoka kwenye unga wa mfupa unaoenea kwenye ncha ya kijiko. Sasa chukua kwamba aliyeufukua mfupa alipiga chafya juu yake. Kama ni mgeni kutoka Ulaya au Iran, mate yake yanaingiza damu ya nje ya Afrika mahali ambapo pengine haikuwapo, na chafya imezaa Mshirazi. Kama ni kijana wa Kilwa, mate yake yanafanana na kile kinachotafutwa, na kosa linakuwa gumu kushtukiwa. Maabara zina njia za kugundua uchafu wa namna hiyo, lakini kugundua si kurekebisha. Mfupa uliochafuka sana huwekwa kando, na maiti wa miaka 700 hana mifupa ya akiba.

Mwongozo huu ni wako wewe unayepata kibarua msimu wa uchimbuaji Kilwa Kisiwani au Songo Mnara, mwanafunzi wa akiolojia unayeshuka shimoni mara ya kwanza, na yeyote anayeelekea kwenye kazi ya maabara, kiwanda cha dawa au cha samaki. Nguo ni karibu zile zile kila mahali. Kinachobadilika ni swali linalofuata.

NANI ANAKINGWA DHIDI YA NANI?

Kabla hujavaa chochote, jibu swali hilo. Watu wengi pwani waliona ovaroli nyeupe mara ya kwanza wakati wa Uviko-19, wakajifunza kwamba aliyevaa anajikinga na hatari iliyo nje. Kwenye mfupa wa kale mambo yamepinduka. Hatari ni wewe. Ngozi yako inapukutika, nywele zinadondoka, mate yanaruka kila unapotamka herufi p na b, na kila kimoja kina vinasaba vyako vikiwa vizima, wakati vya marehemu vimekatikakatika kwa joto na chumvi ya pwani. Vinasaba vyako ni vingi na vina nguvu. Vyake ni haba na dhaifu. Vikikutana kwenye chombo kimoja, vyako ndivyo vitakavyosikika.

Ndiyo maana ya methali iliyo juu ya ukurasa huu. Adui hatoki mbali. Umemvaa.

MANENO YA KUYAJUA KABLA YA NGUO

Uchafuzi. Si lazima kiwe kitu kinachoonekana wala kinachonuka. Ni kitu chochote kilichoingia mahali pasipo pake. Mchanga uliomzunguka marehemu si uchafuzi. Mafuta ya nazi kwenye kidole chako ni uchafuzi, hata kama umeoga asubuhi.

Uchafuzi mtambuka. Uchafu unaohama kutoka kitu kimoja kwenda kingine kwa kupitia mkono, kifaa au meza. Wavuvi walishalisema kwa samaki mmoja anayeoza. Kwenye mifupa, samaki huyo ni glavu uliyoshikia kaburi la kwanza ukaingia nayo la pili.

Chembe. Kipande kidogo kinachoelea hewani. Hupimwa kwa maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Chembe zinazohesabiwa kwenye vyumba safi huanzia nusu maikroni na hata chini yake.

Chumba safi. Chumba ambacho hewa yake huchujwa na chembe zake huhesabiwa. Kanuni za kimataifa za ISO 14644 hukigawa katika madaraja. Daraja la 5 haliruhusu zaidi ya chembe 3,520 zenye nusu maikroni au zaidi katika mita moja ya ujazo ya hewa. Daraja la 8 huruhusu 3,520,000. Kadiri namba ya daraja inavyopungua ndivyo chumba kinavyokuwa safi zaidi.

Kuua vijidudu, kutakasa, kufuta vinasaba. Haya ni mambo matatu, na wengi huyachanganya. Spiriti huua vijidudu vingi. Mashine ya mvuke ya hospitali hutakasa vifaa, yaani haiachi kijidudu hai. Lakini kijidudu kilichokufa, kama mtu aliyekufa, huacha vinasaba nyuma yake. Mkasi uliotoka kwenye mvuke unafaa kumkata mtoto kitovu, na bado unaweza kuharibu sampuli ya kale. Kufuta vinasaba kunahitaji jiki au mwanga mkali wa urujuanimno. Safi ya hospitali si safi ya vinasaba.

Kutenguka. Neno hili nimeliazima kwenye udhu, kwa sababu linafaa. Udhu una mpango wake na una vitenguzi. Ukitenguka, husemi "kidogo tu", unarudi kutawadha. Glavu nayo ina vitenguzi vyake: kugusa uso, simu, pesa, kamba ya viatu au udongo wa shimo jingine. Anayezoea kufikiri hivi hahitaji kusimamiwa.

Sampuli tupu. Chupa isiyotiwa mfupa, inayopitishwa hatua zote pamoja na zenye mifupa. Ikionyesha vinasaba vya mtu, basi dawa, vifaa au hewa vimechafuka. Ni shahidi asiye na masilahi.

NGUO, KIPANDE KWA KIPANDE

Kichwa. Anza na kofia nyepesi ya nywele, ile ya wauguzi na wapishi wa viwandani, ifunike masikio na kisogo. Mwenye ushungi au mtandio avae kofia ya nywele ndani, juu yake ushungi mfupi uliofuliwa siku hiyo, na ncha zake aziingize ndani ya ovaroli. Kofia ya ovaroli ikija juu, hakuna kinachopepea. Mwenye ndevu avae kifuniko cha ndevu. Barakoa peke yake haitoshi, ndevu hutokeza pembeni.

Uso. Barakoa ya hospitali, pua na mdomo vyote ndani. Barakoa iliyolowa jasho au mate haichuji tena. Kilwa, mchana, italowa mapema kuliko unavyodhani. Weka akiba ya kutosha siku nzima. Miwani ya kinga huzuia jasho la nyusi na kope zisidondoke.

Mwili. Ovaroli nyeupe ya kutupwa, isiyotoa nyuzi. Usivae kanzu ya pamba, kanga wala msuli ukadhani vinatosha kwa kuwa ni visafi. Pamba hutoa vijinyuzi, na kila kijinyuzi hubeba ngozi ya aliyekivaa. Ndani vaa kitu chepesi cha mikono mirefu. Kama hakuna ovaroli, koti la maabara lililofuliwa, lenye vikuku vya kubana mikono, ni afadhali kuliko fulana.

Miguu. Shimoni, mabuti ya mpira yaliyooshwa kwa jiki yanafaa kuliko vifuniko vya viatu, ambavyo hupasuka kwenye mawe ya matumbawe. Ndani ya maabara ni kinyume chake: vifuniko, au viatu visivyotoka nje ya chumba kile.

Vya kuacha nyumbani. Poda, wanja, manukato ya mafuta, pete, bangili na kucha ndefu. Poda na wanja hupukutika. Pete na kucha hutoboa glavu. Sigara pia. Mvutaji huendelea kutoa chembe kwa pumzi yake kwa muda baada ya kuizima.

GLAVU

Hospitali huziita mipira ya mikono, na kwa jina hilo Bohari ya Dawa ilijenga kiwanda chake Idofi, Makambako. Jina lolote utakalotumia, jua unachonunua.

Kuna za mpira wa asili, kuna za naitraili, na kuna za plastiki laini zinazopwaya, zile za wauza chipsi. Za plastiki ziache. Za mpira wa asili hubana vizuri, ila baadhi ya watu ngozi yao huzikataa, ikawasha na kuvimba. Za naitraili, aghalabu za bluu, hustahimili kuchomwa na hazina mzio huo. Hizo ndizo zako. Soma boksi: ziwe zisizo na unga. Unga unaotiwa ndani ili glavu ivalike kirahisi huruka hewani na kutua kwenye sampuli. Marekani ilizipiga marufuku glavu zenye unga hospitalini mwaka 2017 kwa madhara yake kwa wagonjwa; mifupa nayo haizitaki.

Vaa jozi mbili. Ya ndani inakaa mpaka mwisho wa zamu, na mdomo wake unaingia chini ya mkono wa ovaroli. Ya nje inapita juu ya mkono wa ovaroli na inabadilishwa kila unapotoka mfupa mmoja kwenda mwingine, na kila inapotenguka. Jozi ya ndani ipo kwa sababu moja: unapovua ya nje, ngozi yako isionekane hata nukta moja. Ukichagua rangi mbili, bluu ndani na nyeupe nje, tundu litajionyesha lenyewe.

Glavu haisafishwi kwa maji ukarudi nayo kazini. Spiriti nayo huidhoofisha ikirudiwa. Na glavu haina akili. Mtu aliyevaa hujiona mkono wake umekuwa msafi daima, akajikuna shingo, akapokea simu, akarudi kushika jino. Glavu hiyo ni chafu kuliko mkono mtupu wa mwenye hadhari.

MPANGILIO WA KUVAA

Fanya mbali na shimo, kwenye kivuli, juu ya turubai safi, mkiwa wawili ili mmoja amtazame mwenzake.

1. Nenda haja, kunywa maji, zima simu na umpe asiyeshuka.
2. Nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kausha kwa karatasi, si kwa kanga.
3. Vaa kofia ya nywele, kisha barakoa.
4. Vaa glavu za ndani.
5. Ingia kwenye ovaroli bila kuiburuza chini. Kunja miguu yake kwanza, ingiza mguu mmoja mmoja. Pandisha zipu, vuta kofia yake.
6. Vaa miwani, kisha mabuti au vifuniko.
7. Vaa glavu za nje, juu ya mikono ya ovaroli.
8. Mwenzako akuzunguke. Atafute nywele, ngozi, tundu.

Kanuni moja inaubeba mpangilio wote: unavaa kutoka juu kwenda chini, kwa sababu kinachodondoka hudondokea chini. Anayevaa glavu za nje kwanza na kofia mwisho ameshika nywele zake kwa mkono aliokusudia kuuweka safi.

SHIMONI

Kaa demani. Mwaka 1962 hivi, mwanafizikia Willis Whitfield wa maabara ya Sandia, Marekani, alimaliza tatizo lililosumbua viwanda vya vifaa vidogo: vyumba vilisafishwa mpaka basi, vumbi likabaki. Alichofanya ni kuisukuma hewa iliyochujwa ipite kwa mkondo mmoja, itoke upande safi, impite mfanyakazi, iondoke na uchafu wake. Nahodha wa jahazi angemwelewa mara moja. Uchimbuaji mwingi Kilwa hufanyika kiangazi, na kusi huwa ina nguvu. Mfupa uwe upande wa joshi, wewe upande wa demani, upepo uuguse mfupa kwanza ndipo ukufikie wewe. Ukikaa kinyume, kusi inapeleka mba wako moja kwa moja kaburini.

Osha vifaa mapema. Mwiko, brashi na koleo vifutwe udongo, vipanguswe kwa jiki iliyochanganywa, vikae kidogo, vifutwe kwa maji safi ya chupa, kisha spiriti, vikauke. Kwa jiki ya asilimia 3.5 inayouzwa madukani, sehemu moja ya jiki kwa sehemu sita za maji hukupa mchanganyiko wa asilimia 0.5, ule ule wa vituo vya afya. Changanya upya kila asubuhi, maana ya jana imepoteza nguvu. Usiruke hatua ya maji: jiki hula chuma, na kuikutanisha na spiriti huzaa mvuke wenye sumu. Na jiki isiuguse mfupa kamwe. Inafuta vinasaba bila kuuliza ni vya nani.

Usiuoshe mfupa. Hili ndilo kosa la watu wema. Mfupa ukitoka na udongo, mkono unatamani kuusuuza. Maji huingia ndani ya vinyweleo vya mfupa yakibeba kila kilichokuwa juu yake. Uache na udongo wake.

Usiulambe. Zamani baadhi ya waakiolojia waligusisha kipande ulimini. Kikinata ni mfupa, kisiponata ni jiwe. Ukimwona mzee wa kazi anafanya hivyo, mpe maji ya kunywa kwa heshima na uiandike sampuli hiyo kuwa imeguswa.

Jua kinachotafutwa. Si kila mfupa una thamani sawa. Vinasaba hudumu zaidi kwenye mfupa mgumu unaolizingira sikio la ndani, chini ya fuvu, na kwenye meno. Ukiona fuvu linatokeza, simama, ita msimamizi, badili glavu, badili barakoa. Mfupa wa paja, kwa ukubwa wake wote, unaweza kungoja.

Kausha kivulini, funga, poza. Jua la Kilwa ni adui wa pili baada yako. Mfupa wenye unyevu ukifungiwa kwenye mfuko wa plastiki hutoa jasho, na ukungu huanza. Uache ukauke kivulini juu ya karatasi safi ya aluminiamu, chini ya kifuniko. Uufunge, uutie kwenye mfuko mpya, andika namba kwenye mfuko na si kwenye mfupa, weka mahali penye baridi. Kisanduku kilichobebea samaki hakifai, hata kikioshwa mara saba.

Andika mikono. Kwenye daftari la sampuli iwepo safu ya majina: nani alifukua, nani alishika, saa ngapi, glavu zilibadilishwa au la. Kosa lililoandikwa linaweza kuhesabiwa na maabara. Lililofichwa linageuka historia.

JOTO

Ovaroli haipitishi hewa, na Kilwa si Ulaya. Kizunguzungu kikikupata, toka. Mtu aliyezimia juu ya mfupa amemwaga jasho lote mahali pamoja. Shuka asubuhi mapema, mfanye kazi kwa zamu fupi, kila anayetoka avue vyote, anywe maji, na anaporudi avae vipya. Kama vifaa ni vichache, punguza watu, usipunguze nguo. Wawili waliovaa kamili wanatosha kutoa fuvu moja. Sita waliovaa nusunusu wanatosha kuliharibu.

KUVUA, NA KINACHOFUATA MAABARA

Kwenye mfupa wa kale, kuvua si hatari kwako. Ni adabu ya kutomchafulia mwenzako. Glavu za nje kwanza, kwa kuzigeuza ndani nje. Ovaroli ukiikunja kuelekea chini, upande wa nje ukibaki ndani. Kisha miwani, barakoa kwa kamba zake, kofia, na mwisho glavu za ndani. Nawa.

Sampuli ikifika maabara, itakutana na watu waliovaa kama wewe, ila kwa ukali zaidi. Chumba kina msukumo wa hewa mkubwa kuliko ukumbi wa nje, ili mlango ukifunguliwa hewa itoke, isiingie. Meza hupanguswa kwa jiki, taa za urujuanimno huwashwa watu wakishaondoka. Safari ni ya upande mmoja: aliyeingia kwenye chumba cha kuzidishia vinasaba harudi chumba safi siku hiyo, kwa sababu nguo zake sasa zimebeba nakala bila idadi. Kisha hesabu hufanywa. Vinasaba vya kale vina alama za uchakavu kwenye ncha zao ambazo vya mtu hai havina, na hizo husaidia kumtenga marehemu na mfukuaji. Kwa hiyo kazi yako ya shimoni itapimwa. Haitamezwa na mchanga.

GEUZA VAZI

Kuna siku swali la mwanzo litakuwa na jibu jingine, na ni lazima ujue vazi limegeuka.

Julai 2022, wilayani Ruangwa, katika mkoa wa Lindi ilimo Kilwa pia, watu walianza kuugua homa, uchovu na kutokwa damu puani. Wagonjwa walifika 20, watatu wakafariki. Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda, inayoletwa na bakteria walio kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na huingia mwilini kwa mchubuko au kwa maji machafu. Anayechimba udongo wenye unyevu mahali panya walipopita anakingwa yeye, si mfupa. Mabuti na glavu ni zile zile, ila sasa mpangilio wa kuvua ndio wenye uzito kuliko wa kuvaa. Kilichoguswa na udongo hakigusi ngozi, na mikono hunawiwa kwa sabuni baada ya kila hatua. Ukiwa na kidonda mguuni, kifunike kabla hujashuka, uchimbuaji uwe wa karne yoyote.

Pweza wa Songosongo naye anasimama katikati ya majibu hayo mawili. Anayemsafisha anajikinga na baridi na kukatwa, lakini anamkinga zaidi mlaji. Bakteria wa puani na wa kwenye vidonda vya vidole wakiachwa kwenye samaki bila barafu hutoa sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Ndiyo maana viwandani kuna kofia, aproni, mabuti, dimbwi la dawa mlangoni, na glavu za bluu, rangi isiyopatikana kwenye samaki, ili kipande kikikatika kionekane. Mwanzoni mwa 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Aliyekosa soko wakati ule si yule tu aliyeshika samaki kwa mkono mchafu.

Na kuna siku vazi halihitajiki. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walifukua mifupa ya mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) Tendaguru, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mifupa ikaenda Berlin, na mjusi mmoja amesimamishwa huko kwa urefu wa mita 13 hivi. Hakuna aliyevaa glavu, na kwa vinasaba hakuna hasara: mfupa wa miaka milioni 150 umegeuka jiwe. Usimtie mtu kwenye ovaroli kwa ajili ya jiwe.

UKIUKUTA MFUPA BILA KUUTAFUTA

Unachimba kisima, msingi au choo, jembe likagonga fuvu. Simama hapo hapo. Usivute, usioshe, usipige picha ukiwa umeinama juu yake bila barakoa. Funika kwa turubai, weka alama, toa taarifa serikali ya kijiji. Kama kuna shaka kwamba maiti si wa zamani, hilo ni la polisi. Kama ni wa kale, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kabla ya kuchimbua, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Waite pia wazee na masheikh wa mahali. Wengi wa waliolala hapo walizikwa wakielekezwa kibla, na ruhusa ya walio hai ni sehemu ya usafi wa kazi.

NENO LA MWISHO: MATE YAKO

Baada ya wiki nzima ya kuficha kila unywele, msimamizi mzuri atakuletea kichupa na kukuomba utemee mate. Usishangae. Maabara inataka vinasaba vya kila aliyekaribia shimo ili, vikionekana kwenye mfupa, vitambulike na kutolewa.

Una haki ya kuuliza kabla hujatema. Vitasomwa kwa kazi gani? Vitatunzwa wapi, na nani atavisoma? Vitateketezwa lini? Nitaandikiwa? Ukiridhika, toa na utie saini. Usiporidhika, kataa, ukafanye kazi ya chekecheke au ya kupima, mbali na mifupa. Wazee wa Tarehe ya Kilwa walisema kisiwa kiliuzwa kwa nguo. Vinasaba vyako visitoke kwa bei ya chini ya hiyo, wala bila mashahidi.